Siku mbili Alexandria

Swali: Nitakuwa Cairo kikazi. Je, siku mbili zinatosha kuiona Alexandria?

Jibu: Zinatosha, mradi ulale huko, kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kujichosha bure. Panda treni ya asubuhi kituo cha Ramses. Mchana nenda ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 pale uliposimama ule mnara wa taa wa kale. Kesho yake wahi makaburi ya Kom el Shoqafa. Utashuka ngazi zinazozunguka shimo walimopitishia maiti kwa kamba, na chini utamkuta Anubis, mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha mbweha, amechongwa na mavazi ya askari wa Kirumi. Hapo usiharakishe hata kidogo! Maktaba mpya, iliyofunguliwa 2002, ipe saa moja. Desemba na Januari, beba koti la mvua.