Jino Linauma, Mwenye Jino Anakimbia

Nchini Tanzania wagonjwa wengi wa meno hufika kliniki jino likiwa limeshaoza, na tiba wanayopewa zaidi ni kung'olewa. Sababu zinajulikana: umbali, nauli, uchache wa wataalamu. Kwa mtu wa Basotu wilayani Hanang au Yaeda Chini wilayani Mbulu, kwenda hospitali kubwa kama ya Haydom ni safari ya kujipanga. Lakini wapo wanaojipanga, wakafika hadi mlangoni, wakasikia koleo likigonga trei, na papo hapo jino likaacha kuuma. Wanageuza, wanarudi nyumbani. Mara nyingi hawasingizii; jino limenyamaza kweli. Tukielewa limenyamazishwa na nini, tutaelewa pia namna ya kumsaidia mwenye jino.

Hofu ni kazi ya mwili mzima. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Ikihisi hatari, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hufupika. Ubongo huachia pia kemikali zake za kutuliza maumivu, ili aliyejeruhiwa akimbie kwanza, augulie baadaye. Hayo yote yanamfaa anayekimbizwa na nyati. Kwenye kiti cha meno, ambapo mtu amelazwa chali na mdomo uko wazi, hana pa kuipeleka nguvu hiyo.

Hatuzaliwi tukiogopa koleo. Mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza mwaka 1977 kwamba hofu huingia kwa njia tatu: kuumizwa mwenyewe, kumwona mwingine akiumizwa, na kusimuliwa. Kuna aliyeng'olewa jino utotoni ganzi haijashika. Kuna aliyeshuhudia mdogo wake akishikiliwa ili atolewe “meno ya plastiki”, mila iliyoripotiwa sehemu nyingi za Tanzania, ambapo vijino vya mtoto mchanga hufukuliwa kabla havijaota kwa kudhaniwa kuwa ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Na ni wangapi hawajawahi kuambiwa, “Ukilia tena nakupeleka kwa daktari akuchome sindano”? Wahenga walishasema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kushtuka si ugonjwa. Kinachoilea hofu ni kukwepa. Aliyegeuza mlangoni anapata nafuu dakika ileile: moyo unatulia, jasho linakauka. Ubongo unaandika somo: “Nimepona kwa sababu nimekimbia.” Kesho yake mlango uleule unatisha zaidi.

Wakati huo jino halisubiri. Bakteria wanageuza sukari kuwa asidi, asidi inakula jino, tundu linafika kwenye neva, usaha unajikusanya. Hapa kemia inamgeuka mgonjwa. Dawa ya ganzi inayotumika sana, lidokeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943, hufanya kazi kwa kupenya ukuta wa neva na kuziba njia ya taarifa za maumivu. Molekuli zake zinazopenya ni zile zisizo na chaji ya umeme. Penye uvimbe na usaha tishu zina asidi zaidi, na asidi huzipa molekuli nyingi chaji hiyo. Zinabaki nje ya neva. Daktari amechoma sindano ileile, kwa kipimo kilekile, lakini ganzi haishiki vizuri. Aliyechelewa kwa kuogopa maumivu anaumia kweli, na anarudi kijijini na ushahidi.

Tiba ya fikra na tabia inaukata mzunguko huu sehemu mbili. Upande wa fikra, uliojengwa na Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960, mgonjwa huulizwa anaogopa nini hasa. “Naogopa meno” haitoshi. Mmoja atasema, “Nitapaliwa”; mwingine, “Sindano itagusa ubongo”; mwingine, “Nikiumia hawataacha.” Kila dai lina jibu lake, na la mwisho lina jibu la vitendo: mkipatana kwamba ukiinua mkono wa kushoto kila kitu kinasimama, na ukaujaribu kabla chombo hakijaingia mdomoni, ubongo unaona kwa macho kwamba usukani uko kwako. Ishara hiyo haihitaji Kiswahili kizuri. Anayezungumza Kiiraqw na anayezungumza Kidatoga wanainua mkono uleule.

Upande wa tabia ulitangulia, kwa kazi ya Joseph Wolpe wa Afrika Kusini katika miaka ya 1950. Hofu hupandiwa ngazi kwa ngazi. Siku ya kwanza mgonjwa anakalia kiti tu. Kisha anashika kioo cha mdomoni, kisha kioo kinaingia, kisha anaiona sindano, mwisho anachomwa. Kanuni ni kutoondoka hofu ikiwa kileleni. Anakaa, anatoa pumzi polepole, mpaka moyo ushuke wenyewe. Hapo ndipo somo la zamani linapopata la kulipinga. Wanaozimia wakiona damu wana utaratibu wao. Presha yao hushuka ghafla, kwa hiyo hawaambiwi walegee. Wanafundishwa kukaza misuli ya mapaja na mikono ili damu ipande kichwani.

Je, lazima awepo mwanasaikolojia? Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench wa daktari Dixon Chibanda umefundisha bibi wa mitaani kutoa tiba ya maongezi kwa wenye msongo, na wameweza. Tabibu wa meno anaweza kufundishwa swali moja, “Unaogopa nini hasa?”, na ishara moja, ya mkono. Tanzania yenyewe ina mchango wake: katikati ya miaka ya 1980 daktari wa meno Jo Frencken alianzisha hapa njia ya kusafisha jino lililooza kwa vifaa vya mkono na kuliziba, bila mashine na mara nyingi bila sindano. Kwa anayeogopa mlio na ncha ya sindano, hiyo ni ngazi ya chini inayofaa kuanzia.

Kwa hiyo mgonjwa aseme “naogopa” mapema, dirishani anapojiandikisha, na aandikiwe kama anavyoandikiwa mwenye kisukari au presha. Aje pia kabla jino halijaanza kuuma, hata kwa kuangaliwa tu. Akihitaji sindano siku hiyo, ganzi itamkuta bado hajapata usaha.