Ujira kwa Bomba: Afya ya Kibarua na Uhai wa Shamba

Katika mashamba ya nyanya, vitunguu na mboga, kazi ya kunyunyizia viuatilifu mara nyingi hupewa kibarua. Pale anapolipwa kwa idadi ya mabomba aliyomaliza, anayesimama kunawa mikono, kusubiri upepo utulie au kubadili nguo iliyolowa hupoteza ujira. Kwa hiyo, namna ya kulipa ni suala la afya, si la hesabu pekee.

Miongoni mwa viuatilifu vyenye hatari kubwa ni vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo huingia mwilini kwa kinywa, kwa pumzi na kupitia ngozi. Huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuondoa asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva. Kemikali hiyo inaporundikana, mgonjwa hutokwa jasho, machozi na mate kwa wingi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na pumzi huweza kukatika. Dalili za mwanzo, yaani kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hufanana na za malaria. Mtoa huduma asipomuuliza mgonjwa kazi aliyoifanya siku hiyo, sumu huweza kupita bila kutambuliwa.

Aliyeathirika aondolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi na sabuni, huku anayemsaidia akikinga mikono yake. Afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa, pamoja na lebo ya kiuatilifu kilichotumika. Maziwa hayaondoi sumu hii. Tiba yake, ikiwemo atropini, hutolewa na wataalamu.

Kukosa mkataba wa maandishi hakumwondolei kibarua haki. Nchini Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka vigezo kadhaa vya kumtambua mwajiriwa. Kimojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Anayetimiza kigezo hicho huhesabiwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, nao unataka vibarua wa muda na wa msimu wapate ulinzi wa usalama na afya sawa na wafanyakazi wa kudumu wa kilimo.

Ujira kwa bomba hudhuru shamba pia, kwa kuwa kadiri dawa inavyopigwa zaidi ndivyo malipo yanavyoongezeka. Unyunyiziaji uliopita kiasi huua wadudu rafiki na kuwajengea visumbufu usugu, hata msimu unaofuata ukahitaji dawa nyingi zaidi. Mwenye shamba anayelipa kwa siku, akamfundisha kibarua kukagua mimea kabla ya kupiga dawa na kumpatia vifaa vya kujikinga, hupunguza kwa pamoja gharama za dawa, usugu wa visumbufu na hatari ya sumu.