Jiwe la Kukwea Karibu na Nyumbani

Watu wengi wakisikia habari ya kukwea miamba hufikiria Mlima Kenya, theluji na wageni waliojifunga kamba. Lakini, ndugu msomaji unayeishi Gatwekera, mwili wako haujui kama jiwe ulilolishika lina urefu wa mita mbili au mia mbili. Vidole, mabega, mgongo, tumbo na mapaja hufanya kazi ileile, wala hakuna ada ya jimu. Kinachohitajika ni jiwe zuri. Utalipataje, na utajuaje kwamba halitakuumiza?

Sehemu kubwa ya Nairobi imekaa juu ya lava iliyoganda zamani sana. Hatuioni kwa sababu imefunikwa na udongo, na anayeifunua ni mto. Nenda siku moja msitu wa Oloolua, upande wa Karen, utazame jinsi Mto Mbagathi ulivyokata mwamba. Hapo si pa kukwea, ni pa kuzoeza jicho. Ukisharudi, tembea kwenye mabonde yaliyo karibu nawe ukitafuta jabali lililotokeza kando ya maji. Waulize wachonga mawe na wachunga mbuzi, maana hao huyajua majabali kuliko ramani yoyote. Kisha omba ruhusa kwa mwenye shamba. Ikiwa ni msitu wa serikali, zungumza na walinzi kwanza, na usiende peke yako.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu matimbo. Kijana anayetafuta ukuta wa mawe jijini, wa kwanza kuuona ni wa timbo lililoachwa. Upande wa mashariki yako mengi. Hata Kware, kule Mukuru, imepata jina lake kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya timbo. Ukuta wake unavutia, lakini usiukwee. Jiwe la kujengea la Nairobi aghalabu ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana. Ni laini, ndiyo maana fundi hulichonga kwa nyundo na patasi, na likinyonya maji ya mvua hulegea zaidi. Isitoshe, wachimbaji wameacha nyufa usizoziona, na chini mara nyingi kuna maji ambayo kina chake hakijulikani. Waonye watoto wako pia. Na kingo za reli inayopita Kibera ziache vilevile.

Jiwe likipatikana, ligonge kwa ngumi. Likiwa imara, mlio wake ni mzito na mfupi. Likilia kama debe tupu, kipande hicho kimekwisha kuachana na mwamba, na uzito wako utakimalizia. Kabla ya kutia mkono ufani, tia kijiti: kifutu na nge hupenda kujificha humo. Tazama juu uone kama kuna nyuki wanaoingia na kutoka. Chini ondoa chupa zilizovunjika na vijiwe, kwa maana hapo ndipo utakapoangukia.

Mwanzoni usipande juu. Kwea kwa upande, kama kaa, miguu isipite kimo cha kiuno cha mtu aliyesimama chini. Dakika kumi za mwendo huo zitatosha kuitetemesha mikono yako. Ukiteleza, tua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kujivuta kwa mikono. Acha miguu ibebe uzito. Kano za vidole hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hiyo hukomaa na kupona polepole. Utajiona una nguvu baada ya wiki chache, nazo kano bado hazijawa tayari, na hapo ndipo wengi huumia, hasa kidole cha pete. Ukisikia kimelia "ta!" na kuanza kuuma, acha siku hiyohiyo. Pumzika angalau siku moja kati ya mazoezi. Michubuko ioshwe kwa maji safi na sabuni, na kama hukumbuki ulidungwa lini sindano ya pepopunda, nenda kliniki. Mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wamwone daktari kwanza.

Mtu akianguka na kulalamika shingo au mgongo, au asiposikia miguu yake, msimnyanyue juujuu na kumtia kwenye matatu. Alale palepale, kichwa kisitikisike, mpaka machela au ubao upatikane.

Ukizoea na ukitaka kupanda juu, hapo ni kamba, kofia ngumu na mwalimu. Lukenya, kupita Athi River kwenye barabara ya Mombasa, ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka jijini. Mwamba wake ni mgumu na wa kale kuliko lava yetu, na wanachama wa Mountain Club of Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1949, wameukwea kwa miaka mingi. Kuna pia Hell's Gate, Naivasha, ambako wengi hujifunzia kwenye mnara wa mawe wa Fischer's Tower. Lakini korongo la huko ni jambo jingine. Mnamo Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba humo. Kabla ya kuingia, muulize askari wa hifadhi kama kumenyesha huko juu, hata kama hapo ulipo jua linawaka.