Soda Isiyo na Sukari

Swali: Daktari, kwa joto hili la Garsen mume wangu, mwenye kisukari, hunywa soda isiyo na sukari kila siku. Eti inaleta saratani?

Jibu: Mama, Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliitaja aspatame (E951), kitamu kinachotumika badala ya sukari katika soda hizo, kuwa huenda ikasababisha saratani, kwa ushahidi hafifu. Wataalamu wa usalama wa chakula hawakubadilisha kiwango kinachokubalika: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 atakipita akinywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku. Kwa mzee wako, sukari ndiyo hatari iliyo karibu. Mimi nahofia zaidi watoto na juisi za unga zenye aspatame: kilo zao ni chache, hivyo hukifikia kiwango upesi. Soma pakiti. Kiu ikatwe kwa maji, ya mto Tana yakishatibiwa au kuchemshwa.