Uvimbe Katika Ngozi ya Ng'ombe: Namna ya Kuutambua na Hatua za Kuchukua

Si kila uvimbe unaoota katika ngozi ya ng'ombe huashiria ugonjwa wa kuambukiza. Upo unaopona wenyewe, upo unaohitaji mkono wa mtaalamu, na upo unaoweza kutoka zizi moja na kuenea kijiji kizima. Mfugaji anayeweza kuutofautisha huokoa mali yake na ya jirani yake.

Aina tatu zinazochanganywa

*Sunzua.* Huwapata zaidi ndama na mitamba, hasa kichwani na shingoni. Ni vinyama vikavu, vyenye uso wa kukwaruza. Mnyama hana homa, hula kama kawaida, na mara nyingi vinyama hivyo huanguka vyenyewe baada ya miezi kadhaa.

*Jipu.* Kwa kawaida huwa moja, mahali palipochomwa na mwiba au sindano chafu. Huwa na joto na maumivu, kisha hulainika kwa kujaa usaha.

*Mapele ngozi.* Ugonjwa huu wa virusi ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Zambia mwaka 1929. Huanza kwa homa kali inayoweza kuzidi nyuzi joto 41, machozi na makamasi, tezi kuvimba na maziwa kupungua ghafla. Kisha vinundu vigumu vya mviringo, vyenye upana wa sentimita 2 hadi 5, hutokeza mwilini. Baadhi huoza katikati na kuacha mashimo yanayoharibu ngozi. Ng'ombe mwenye mimba huweza kuitupa. Binadamu haambukizwi.

Unavyoenea

Virusi hivi hubebwa hasa na wadudu wanaofyonza damu, wakiwemo mbu, inzi waumao na kupe. Sindano moja inayotumika kwa ng'ombe wengi nayo huweza kueneza. Hata hivyo, ugonjwa hufika mbali zaidi pale mnyama mgonjwa anaposwagwa au kupakiwa kwenye gari kwenda mnadani.

Hatua za kuchukua

1. Mnyama mwenye dalili atengwe mara moja na asipelekwe malishoni, kwenye josho wala birika la pamoja.
2. Taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya kijiji. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa za magonjwa ya aina hii.
3. Mnyama asiuzwe wala kuhamishwa hadi mtaalamu aruhusu.
4. Vinundu visikatwe wala kuchomwa moto. Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Antibiotiki husaidia tu vidonda vilivyoingiwa na bakteria, na hutolewa kwa maelekezo ya mtaalamu. Maziwa ya mnyama aliyetibiwa yasinywewe hadi muda ulioelekezwa uishe.
5. Kuogesha mifugo kuendelee kwa ratiba, na samadi iondolewe zizini ili kupunguza inzi.

Chanjo

Kinga ya uhakika ni chanjo ya kila mwaka, ipatiwe ng'ombe wazima kabla ugonjwa haujaingia, kwa kuwa mwili huhitaji takriban wiki 3 kujijengea kinga. Anayesubiri kuona vinundu zizini mwa jirani amekwisha kuchelewa.

Kumuuza ng'ombe mgonjwa kwa haraka huonekana kama kupunguza hasara. Kwa kweli, hasara hiyo huhamishiwa kwa mwingine, kisha hurudi kupitia malisho yaleyale yanayotumiwa na wote.