SOMO: TUSIMULIE YALIYOTUKUTA

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Wakafa zaidi ya 220.

Huku kwetu ziwani mtu akifiwa tunamwambia, "Jikaze, kazi ya Mungu haina makosa." Maneno haya si mabaya, ila yakija mapema yanamfunga mtu mdomo. Basi ananyamaza. Usiku halali, mchana anagombana na watoto, na watoto hawajui kisa.

Tufanyeje? Akiwa tayari, amsimulie mtu mmoja anayemwamini. Aanzie anapoweza: walivyoagana asubuhi ile, marehemu alivaa nini, aliagiza nini. Wewe msikilizaji usimkatize, wala usianze kueleza ya kwako. Uliza tu, "Halafu ikawaje?" Akikataa, mwache, kumlazimisha kunaweza kumwumiza zaidi.

Na wewe unayejua kuandika, shika daftari. Hata mistari mitano yatosha, na si lazima umwonyeshe mtu. Usingizi ukikataa wiki nyingi, nenda zahanati ukamweleze mganga.