Udaktari Unautaka, Fizikia Huitaki?

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Nikikuuliza unataka kuwa nani, unajibu bila kusita: daktari. Haya, Mungu akujaalie. Nikikuuliza fizikia inaendaje, unacheka: "Aa dada, hiyo naiacha nikiingia kidato cha tatu, mwalimu mkali." Hapo ndipo ninapotamani kukufinya sikio.

Sikukatazi kuacha somo. Ila umemuuliza nani? Wenzako wa dawati la nyuma, ambao nao wanakuuliza wewe. Hata uuguzi na utabibu wa ngazi ya diploma vinataka ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia katika cheti cha kidato cha nne. Mwalimu mkali mtaachana. Pengo kwenye cheti utatembea nalo. Utalijua siku unaomba chuo, shangazi ameshaahidi ada, na kozi uliyoiota imebaki ya kusoma jina tu. Inauma hiyo, mdogo wangu. Wanaokwama hapo si wote wavivu, wengi hawakuambiwa.

Basi wewe ulizia mapema. Miongozo ya udahili ipo mtandaoni, ya TCU kwa vyuo vikuu, ya NACTVET kwa vyuo vya kati. Simu inayokukeshesha na vichekesho haishindwi kuifungua. Na ukifika kujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, usijaze PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa kuwa shoga yako kajaza PCB. TAMISEMI watampeleka yeye Tabora na wewe Iringa, ubaki peke yako na tahasusi ya mtu mwingine.

Karatasi pekee haitoshi, kazi ina wenyewe. Mtaani kwenu hakosi muuguzi, karani wa mahakama, fundi umeme aliyepita VETA (na VETA usiibinulie mdomo, tafadhali). Msalimie vizuri, umwulize siku yake inakwendaje, nini kinamchosha, alikaa muda gani kabla ya mshahara wa kwanza. Hapo utasikia kwamba shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka wa utarajali, na zamu za usiku hazijali sikukuu. Utasikia kwamba shahada ya sheria haikufanyi wakili; bado kuna Shule ya Sheria, na kufeli huko wanafeli. Kama baada ya kusikia yote hayo moyo bado unaitaka kazi hiyo, sasa tuna la kuzungumza. Kama umepoa, usione aibu, ni afadhali upoe ukiwa bado na sare ya shule kuliko kupoa chuoni na deni la Bodi ya Mikopo shingoni.

Tena usidhani ukichagua leo umefungwa pingu. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hutoa muda wa kubadilisha tahasusi, na huo muda hupita upesi, kwa hiyo usilale.

Najua kwa wengine tatizo si fizikia, ni baba. Yeye anataka mhandisi, wewe unataka uhasibu. Usimjibu kwa kununa, wala usijaze fomu kwa siri, maana siku ikijulikana nyumba nzima itawaka. Mpelekee mwongozo, mwonyeshe kozi, ada na sifa, umweleze taratibu. Akikataa, mtume mama mdogo. Baba zetu husikia vizuri zaidi neno likitoka kwa shemeji.